Kuzungusha maji ya kimea kwa pampu ya volti 12: mwongozo kwa wapika bia wa Dodoma

Anayepika bia nyumbani kwa sufuria moja na jiko la gesi anaijua shida hii. Kimea kimo ndani ya maji, moto uko chini, na kipimajoto kinaelea juu. Ukipima katikati unasoma nyuzi 66, ukikishusha hadi kitako unakuta 73. Sasa bia yako inapikwa kwa joto lipi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinachagua joto. Kimoja hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, nacho hutoa sukari ambayo hamira huila karibu yote. Kingine hupenda nyuzi 68 hadi 72 na huacha sukari ngumu zinazoipa bia uzito mdomoni. Joto likizidi hapo vyote viwili huanza kufa. Ndiyo maana mtu anatumia kimea kilekile na vipimo vilevile, lakini pipa moja linatoka jepesi na kali, na linalofuata linatoka zito na tamu.

Pampu ndogo hulimaliza tatizo hilo kwa kuvuta maji ya kimea kutoka chini na kuyarudisha juu, saa nzima, polepole. Joto linalingana sufuria nzima. Faida ya pili huja bila gharama: maji yanapopita tena na tena katikati ya machicha, machicha yenyewe huwa chujio, na maji yanatoka safi.

Jambo moja kabla hujatoa pesa. Kama unachopika ni pombe nzito ya mtama au ya uwele, ile inayochachuliwa pamoja na chenga zake na kuchujwa mwishoni, pampu hii haikuhusu. Itaziba, na hata isipoziba haitaongeza chochote kwenye pombe ambayo utamu wake uko kwenye uzito wake. Mwongozo huu ni wa bia inayochujwa kabla ya kuchemshwa, iwe ya shayiri, ya mtama, au mchanganyiko. Na upikaji ninaousema ni wa matumizi ya nyumbani. Kuuza kunadai leseni, na gongo ni marufuku kabisa.

Pampu ya kununua

Tafuta pampu ya volti 12 ya umeme wa betri, isiyo na brashi, inayoendeshwa kwa sumaku. Maana yake ni kwamba mota haigusi maji: sumaku iliyo upande wa mota inakokota sumaku nyingine iliyofungwa kwenye pangaboi, na kati yake kuna ukuta wa plastiki. Hakuna ekseli inayopenya ukuta, kwa hiyo hakuna mpira wa kuchakaa wala grisi ya kuvujia kwenye bia. Mara nyingi huuzwa kama pampu za hita za maji za sola. Uzi wake wa kuingizia na wa kutolea huwa wa nusu inchi, na uwezo wake ni karibu lita 8 kwa dakika.

Soma karatasi yake kwa mambo mawili tu. La kwanza ni joto: iandikwe kwamba inavumilia nyuzi 100. Zipo zinazofanana nayo kabisa kwa nje, za matanki ya samaki na chemchemi za bustani, zinazoishia nyuzi 60. Hizo zitalainika siku ya kwanza. La pili, iandikwe kwamba plastiki yake inafaa kwa chakula. Muuzaji akikuambia "hii inafaa kwa kila kitu", mwombe karatasi.

Usishawishike na pampu kubwa. Watengeneza bia wa Marekani hununua pampu za sumaku za umeme wa ukutani zinazozidi dola 100, nazo ni nzuri kwa mitambo yao mikubwa. Kwa sufuria ya lita 30 nguvu hiyo ni hasara, kwa sababu utatumia muda wote kuibana. Lita 8 kwa dakika tayari ni nyingi kuliko unazohitaji, kama utakavyoona.

Volti 12 ina faida nyingine kwetu. Umeme ukikatika katikati ya kupika, pampu inaendelea kwa betri. Hesabu yake ni rahisi: pampu ya ampea 2 hula wati 24, yaani wati-saa 36 kwa saa moja na nusu. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 ikijaa, na ni vizuri usiishushe chini ya nusu. Inatosha mpiko mmoja, na baki ndogo. Mwenye paneli ya sola juu ya bati hana hata haja ya adapta. Asiye nayo anunue adapta ya volti 12 na ampea 3.

Vya kuongezea, na vya kuacha dukani

Utahitaji mpira wa silikoni wenye kipenyo cha ndani cha nusu inchi, kama mita mbili, koki mbili za mpini, ya sufuria na ya kutolea pampu, nipo za kuunganishia mipira, klampu, tepu nyeupe ya mafundi bomba, swichi na fyuzi ya ampea 3. Nipo na koki ziwe za stenlesi. Za shaba zinakubalika kama una hakika hazina risasi.

Duka la vifaa vya ujenzi litakupa kwanza nipo za chuma cha mabati, zile za kijivu za bomba la maji, kwa sababu ndizo rahisi na ndizo zilizojaa rafuni. Ziache. Maji ya kimea yana uchachu kidogo, nao huimumunya zinki iliyopakwa juu ya chuma hicho. Acha pia bomba la PVC, maana hulegea kwa joto la kupikia, na mpira wa kumwagilia bustani, ambao hulainika, hujibana wenyewe kwenye kona, na kuipa bia harufu ya plastiki. Silikoni ni ghali kuliko vyote hivyo. Ndicho kitu pekee katika orodha hii ambacho singekitafutia mbadala.

Sufuria

Sufuria itobolewe karibu na kitako, sentimita tatu hivi kutoka chini. Koki ya nusu inchi inadai tundu la milimita 21 au 22. Fundi wa kuchomelea mageti anaweza kulitoboa kwa drili. Mwambie alisafishe ukingo kwa tupa, kwani kingo zenye meno hukata pete ya mpira ya kuzuia maji ikaanza kuvuja baada ya muda mfupi. Funga koki kwa pete ya silikoni upande wa ndani na nati upande wa nje, bila kuchomelea. Sufuria ya alumini inafaa kwa kazi hii sawa na ya stenlesi, ila ina sharti lake kwenye usafi, nitalitaja.

Ndani weka kitako cha pili chenye matundu, kimekaa juu ya miguu ya sentimita nne au tano. Nafaka inakaa juu yake, maji matupu yanabaki chini yake, na koki inavuta kutoka kwenye maji matupu. Wanaotumia mfuko wa neti wauweke mfuko juu ya kitako hicho hicho. Mfuko peke yake hunyonywa ukaziba mdomo wa koki. Kitako cha pili pia hukinga kimea kisiungue, kwa kuwa moto unapiga maji kwanza.

Kufunga pampu

Pampu hizi hazijui kunyonya. Zinajua kusukuma kile kilichokwisha kuzifikia, basi. Ukiielewa sentensi hiyo, maamuzi mengine yote ya kufunga yanajileta.

Pampu ikae chini ya koki ya sufuria, angalau sentimita 30, ili maji yashuke yenyewe hadi ndani yake. Weka jiko juu ya meza imara ya chuma au tofali, na pampu kwenye ubao kando ya miguu ya meza, si chini ya moto. Mpira wa kutoka sufuria hadi pampu uwe mfupi na ushuke moja kwa moja, bila kupanda na kushuka tena, kwa sababu kila kilima kwenye mpira ni mahali pa hewa kujificha. Igeuze pampu ili tundu la kutolea lielekee juu. Hewa hupanda, ukiipa njia ya kupandia itaondoka yenyewe.

Koki ya kudhibiti mwendo iwe upande wa kutolea, na nasisitiza hili kwa sababu wengi huanza kwa kubana koki ya sufuria. Ukibana upande wa kuingizia, pampu inakosa maji, maji ya moto yaliyomo yanapasuka kuwa mvuke, na pangaboi linazunguka hewani. Koki ya sufuria huwa wazi kabisa muda wote. Ya kutolea ndiyo unayoichezea, na kuibana hakuiumizi pampu ya sumaku.

Uzi wa pampu ni wa plastiki. Zungusha tepu mara nne au tano kuelekea upande wa kukazia, kaza kwa mkono hadi mwisho, ongeza robo mzunguko, acha. Spana ndefu hupasua kichwa cha pampu, na mpasuko wake huonekana tu maji yakishapata moto.

Kwenye umeme, waya mwekundu ni chanya. Ukigeuza nyaya unaweza kuiua mota isiyo na brashi hapohapo, basi hakikisha kabla ya kuwasha. Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu karibu na betri. Adapta itundikwe ukutani juu ya usawa wa sufuria, na waya wake uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye pampu ili tone likitiririka lidondokee sakafuni.

Anayetumia mkaa aongeze uangalifu. Jiko la mkaa halizimiki unapotaka, na miali yake huyeyusha plastiki iliyo pembeni. Weka bati la kukinga kati ya jiko na pampu. Kwa maoni yangu gesi ndiyo inayofaa hapa, hata mtungi mdogo.

Jaribu kwa maji kwanza

Jaza sufuria maji baridi lita 15, fungua koki zote mbili, shusha ncha ya mpira wa kutolea chini kuliko usawa wa maji hadi yatoke yenyewe. Hapo pampu imejaa. Inua mpira uurudishe juu ya sufuria, washa. Ikivuma bila kusukuma kuna hewa ndani: izime sekunde chache, iwashe, rudia mara mbili tatu.

Kisha pima mwendo. Chukua jagi la lita 1 na saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 30 una lita 2 kwa dakika, na hapo ndipo pa kuanzia kwa kimea cha shayiri. Weka alama ya kalamu kwenye mpini wa koki. Bana hadi jagi lijae kwa dakika nzima, weka alama ya pili; hiyo ni ya mtama.

Rudia jaribio maji yakiwa nyuzi 70, maana viungo visivyovuja baridi huvuja vikipata joto.

Siku ya kupika

Pasha maji, changanya kimea, koroga hadi madonge yaishe, kisha funika na uache dakika 10 bila kuwasha pampu. Dakika hizo zinaruhusu nafaka ikae na kujipanga. Ukiwasha mapema unavuta unga wote kwenye kitako cha matundu.

Washa kwa mwendo mdogo sana, kisha fungua koki kidogo kidogo hadi alama yako. Maji yanayorudi yasipige shimo kwenye nafaka. Yakipiga shimo hupita njia hiyo hiyo moja kila mara na kuacha kando zikiwa kavu. Weka sahani ndogo ya stenlesi juu ya nafaka maji yaiangukie na kusambaa, na ncha ya mpira iwe ndani ya maji ili yasirukeruke.

Sasa kipimajoto kiweke pale maji yanaporudi na ukiamini. Moto uwe mdogo. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa Dodoma unavyojulikana, sufuria ya uani hupoteza joto haraka; ifunge blanketi juu ya usawa wa moto, au pikia nyuma ya ukuta. Baada ya saa moja maji yatakuwa yametakata. Pandisha hadi nyuzi 76 huku pampu ikienda, kisha chuja kwa kutumia pampu hiyo hiyo kuhamishia kwenye sufuria ya kuchemshia.

Wakati wa kuchemsha pampu ipumzike. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto chako hakijaharibika. Maji yanayotokota yakiingia kwenye pampu hugeuka mvuke mbele ya pangaboi na pampu inanguruma bila kusukuma. Zima moto, subiri mapovu yatulie, ndipo uwashe pampu.

Mtama una taratibu zake

Huku kwetu kimea cha shayiri ni cha kuagiza, cha mtama kinapatikana sokoni. Lakini punje ya mtama haina ganda kama la shayiri, na ganda ndilo linaloacha nafasi ya maji kupita. Mtama peke yake ukilowa hugandamana kama udongo wa mfinyanzi, na hakuna pampu itakayopenya.

Dawa ni maganda ya mpunga. Yanapatikana kwenye mashine za kukoboa, na Bahi inakolimwa mpunga si mbali. Chukua maganda makavu yenyewe, si ile pumba laini ya kulishia kuku. Osha mara kadhaa hadi mchanga uishe, yamwagie maji yanayochemka, chuja. Gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo ya mtama hutosha. Kwa shayiri iliyosagwa laini, gramu 50. Hayana ladha. Mtama wenyewe upasuliwe tu, usisagwe kuwa unga.

Kuna la wanga pia. Wanga wa mtama hauivi vizuri hadi joto lipite nyuzi 70, ilhali vimeng'enya vyake vinakufa humo humo. Njia iliyozoeleka ni kuvitenganisha: loweka kimea kwenye nyuzi 45 kwa nusu saa, acha kitulie, chota maji ya juu yaliyotakata uyaweke kando, maana vimeng'enya vimo humo. Chemsha machicha yaliyobaki hadi yawe uji. Poza hadi nyuzi 70 hivi, changanya maganda ya mpunga, rudisha yale maji. Mchanganyiko utashuka, nawe uulete kwenye nyuzi 65. Pampu inaanza hapa, si kabla, na kwa alama ya pili ya koki.

Chagua mtama mweupe kama Macia. Mwekundu wenye ukakasi hubana vimeng'enya na kuacha uchungu. Na kama unaotesha mwenyewe, ukishakauka usugue na kuupepeta hadi mizizi na machipukizi yote yatoke: machipukizi ya mtama yana kiini cha sumu ya sayanidi. Kinamama wanaouza kimea wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Wanapepeta bila kuambiwa.

Ikiziba

Dalili huja mapema: maji juu ya nafaka yanapanda, mkondo unaorudi unakuwa mwembamba, mlio wa pampu unakuwa mkavu. Mkono utataka kufungua koki zaidi. Ukifanya hivyo unazidi kuigandamiza nafaka. Zima pampu. Koroga robo tatu ya juu kwa mwiko bila kugusa kitako, subiri dakika 5 hadi 10, washa kwa kasi ndogo kuliko ya mwanzo. Ikigoma tena, zima, chomoa mpira wa kutolea, na umimine lita moja au mbili za maji ya nyuzi 70 kupitia huo mpira kwa faneli iliyoinuliwa juu kuliko sufuria, ili yaingie kutoka chini na kuinua nafaka. Pampu ya sumaku ikiwa imezimwa hupitisha maji kinyume bila taabu.

Isiende kavu hata kwa nusu dakika. Maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Kupozea, hasa siku za mgao

Hapa pampu inajilipa upya. Mwenye koili ya shaba kwa kawaida huifunga bombani na kuacha maji yamwagike, jambo gumu mahali ambapo maji yanakuja kwa zamu. Badala yake suuza pampu, iweke kando ya ndoo kubwa iliyotobolewa koki, na uzungushe maji ya ndoo ndani ya koili iliyozamishwa kwenye bia.

Anza na maji ya kawaida bila barafu. Ndoo ikipata moto, maji hayo yaweke akiba ya kuoshea vyombo, jaza mengine, hadi bia ifike nyuzi 40. Hapo tu ndipo utie barafu. Kushusha lita 20 kutoka 40 hadi 25 kunahitaji kama kilo 3 za barafu. Ukianza na barafu bia ikiwa nyuzi 90 utahitaji zaidi ya kilo 13 kwa kazi hiyo hiyo. Koili yenyewe izamishwe kwenye bia dakika 10 kabla ya kuzima moto, ichemke nayo.

Kusafisha

Fanya kabla hujakaa chini. Maji ya kimea yakikaukia ndani ya pampu hugeuka gundi. Zungusha maji ya moto dakika 5, yamwage, zungusha maji ya moto yenye soda ya kufulia dakika 15, kisha maji safi mara mbili. Mwenye sufuria ya alumini azungushie soda kwenye ndoo ya plastiki inayovumilia moto, kwa sababu soda hula alumini.

Kila baada ya mipiko michache fungua skrubu za kichwa cha pampu, vuta pangaboi, ondoa vipande vya maganda, angalia pete ya mpira inayozuia maji kuvuja kama imebonyea. Maji ya visima vya huku yana chumvi na huacha ukoko mweupe, uleule wa kwenye birika, unaokwamisha pangaboi. Loweka sehemu za plastiki kwenye siki usiku mmoja. Rudisha skrubu kwa mkato wa msalaba, kidogo kidogo kila moja, kisha hifadhi pampu tundu likielekea chini na koki zikiwa nusu wazi, maji yaliyojificha ndani ya koki yapate kukauka.